Asiye na Buku Asichague

Siku ya posho, 12 Desemba 1959

Leo nimewashinda! Kura bado, lakini mimi nimekwisha kuwashinda.

Mukutano kwenye barza ya chefu, hapa karibu na Nyabiondo. Siku ya Mungu ya juma lijalo tutachagua konseye mumoja, mujumbe wa vilima vyetu. Wanaotaka kiti ni wawili tu. Mimi Hilaire, mulimaji wa maharagi, mutu wa akili. Na Kabera, mutu wa ng'ombe. Kabera anapendwa. Sijui sababu. Kila mugonjwa wa kilima anapelekewa maziwa yake, basi watu wanadanganyika. Wachungaji wote watamuchagua yeye, na wako wengi. Wanaonipenda mimi nimewahesabu: saba, na mumoja hasikii vizuri.

Lakini najua kitu. Wachungaji hawatunzi buku zao! Buku ile ya serikali, yenye jina la mutu, la baba yake na la chefu, alama ya kidole na mwaka wa kuzaliwa, wao wanaichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya moto. Moshi unaikausha. Wengine wanafungia siagi. Buku ya Kayitare, mukubwa wa wachungaji wa Kabera, ililiwa na ng'ombe mwaka jana, ikabaki kipande cha kifuniko.

Basi nikasimama. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba asiye na buku asichague! Nikawakumbusha siku tulipochagua kapita, musimamizi wa kazi za kilima, kwa kupanga mustari nyuma ya kila mutu, Pierre akahesabiwa mara mbili, mara moja na kofia, mara moja bila kofia. Pierre akasema ni uongo. Watu wakamuuliza ile kofia iko wapi.

Kabera akajibu polepole, kama siku zote, jambo linalonichoma roho. Eti hapa kila mutu anajulikana. Anajulikana baba yake, shamba lake, hata kikohozi chake. Karatasi ya nini? Na yule ambaye nyumba yake iliungua pamoja na buku ndani, yeye si mutu tena? Mama Anastasie, muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, akasema wanaume tunagombana bure. Wanawake hawachagui, na buku ao bila buku, na wao njo wanaotujua wote, walevi na wasio walevi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Politiki si muchezo.

Bwana Ajenti wa serikali, Mubeleji kijana mwenye shingo nyekundu, akafikiri, akaandika, akagonga meza. Buku lazima! Na wanaotaka kiti watangulie kuonyesha zao mbele ya wote. Nikapiga makofi mpaka mikono ikauma.

Nyumbani muke wangu Godelieve akauliza buku yangu mimi iko wapi. Nikamujibu iko mu sanduku, pahali pake, kama buku ya mutu mwenye adabu. Wanawake na maulizo yao!

Siku ya Mungu, 13 Desemba

Kilima kizima kinatafuta buku. Paa zinafumuliwa. Pierre na kaka yake wana buku moja kwa wawili, na tangu misa kuisha wanabishana nani kati yao njo Pierre.

Nimeweka kiti mbele ya nyumba yangu, natazama buku za watu. Hakuna aliyeniomba. Nimekataa tisa. Kayitare akaniletea kile kipande cha kifuniko, kimefungwa vizuri mu kitambaa. Nikamwambia hakifai, aende Masisi kwa karani wa serikali kuomba nyingine. Kwa miguu, na mvua hii, mpaka arudi tutakuwa tumemaliza kuchagua. Akanishukuru kwa kumwonyesha njia. Nikajisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Godelieve amepika kuku. Firigisi, kama desturi, ni ya mwenye nyumba. Nimeikula polepole sana, mbele ya mutoto wangu Floribert. Ana miaka ishirini na mbili sasa, anaitazama firigisi yangu kama paka.

Kisha habari! Muchuuzi mumoja kutoka Walikale amesema baba mukwe wangu, Papa Nestor, yuko njiani. Muwindaji wa pori, muzee wa miaka sabini, anakuja kwa miguu na mukuki na mubwa wake, aone mimi nikichaguliwa.

Hapa niandike ukweli, maana daftari hii naficha chini ya kitunga cha maharagi na hakuna anayeisoma. Ni miaka ishirini na tatu nimeoa binti yake, na huyo muzee hajaniita Papa Hilaire hata mara moja. Ananiita "kijana". Siku ya arusi, kijana. Nilipozaa, kijana. Mbele ya watoto wangu, kijana! Lakini konseye mutu hawezi kumwita kijana. Hiyo tu njo nataka. Kazi ya konseye yenyewe sijui ni gani.

Siku ya kwanza, 14 Desemba

Yesu na Maria.

Nimefungua sanduku nipanguse vumbi kwenye buku. Iko. Nzuri, safi. Jina langu, kidole changu. Mwaka wa kuzaliwa: 1940.

Nilikuwa nimesahau! Mwaka wa 1955 serikali ilibadilisha buku, na wakati huohuo kapita alikuwa anatafuta wanaume wazima wa kutengeneza barabara ya Sake. Karani wa siku zile hakuwa anainua macho kwenye karatasi, tena alipenda kasiksi. Nikamupelekea mutungi. Hapa kwetu hakuna mutu wa umri wangu anayejua tarehe yake, tunahesabu kwa mambo yaliyotokea: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, miaka ya moto wa mulima. Karani akauliza nilizaliwa wakati gani. Nikajibu: moto wa mulima Nyamulagira ulipozimika. Mimi! Niliyesimama Sake kuutazama moto huo na Floribert juu ya mabega! Akaandika 1940. Nikawa mutoto wa miaka kumi na tano, mwenye ndevu, na barabara ikatengenezwa bila mimi. Nilicheka mwaka muzima.

Sasa sicheki. Kuchagua ni kuanzia miaka ishirini na moja. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa maharagi. Nina miaka kumi na tisa. Floribert, wa 1937, ananizidi mitatu.

Siku ya pili, 15 Desemba

Asubuhi mapema kwa Bwana Ajenti. Nikamwambia nimefikiri sana, buku si kitu, hapa kila mutu anajulikana, baba yake, shamba lake, kikohozi chake. Nikakohoa, asikie. Akasema hapana, amri imekwisha kwenda Masisi, tena ameandika mu ripoti kwamba wazo lilitoka kwa mutu mumoja mwenye akili, ni mimi. Akanipa mukono.

Nikakimbia kwa Kabera. Nikamuomba arudi kubisha, alibisha vizuri sana siku ile, asikate tamaa! Akasema amelala juu ya maneno yangu akaona nina haki. Mutu akiwa na buku yake hakuna wa kumufukuza kwenye mustari. Basi leo alfajiri amepandisha wachungaji wote kwenye kamiyo, gari kubwa la maziwa, mpaka Masisi, jioni wanarudi na buku mpya. Kayitare amekaa mbele, karibu na shofere. Kabera akanishukuru kwa kuwaamsha.

Kila mutu ananishukuru! Nitaugua.

Siku ya tatu, 16 Desemba

Akili imerudi. Mutu ambaye buku yake imeliwa anapewa mpya. Akipewa mpya anaulizwa tena mwaka wa kuzaliwa. Basi buku yangu iliwe!

Mimi sina ng'ombe. Nikaenda malishoni kwa Kabera wakati hayuko. Nikachagua ng'ombe mwenye sura ya njaa, Bihogo, yule mwekundu. Nikamupa buku. Akanusa, akageuza kichwa. Nikasukuma mudomoni, akanikanyaga. Kumbe zile za wachungaji zina siagi na jasho! Nikarudi nyumbani kuchukua chumvi, nikaipaka pande zote. Sasa akala. Alikula kwa raha, macho yamefungwa.

Nikasikia mutu nyuma yangu. Mama Mukabaranga, muke wa Kabera, na chombo chake cha kukamulia. Akaniuliza kwa heshima kama namufundisha ng'ombe wake kusoma. Nikasema napita tu. Akainama, akaokota karatasi moja iliyobaki, akaipangusa mate kwenye majani, akanirudishia kwa mikono miwili.

Ni ule ukurasa wa mwaka wa kuzaliwa. Ng'ombe alikula jina langu, baba yangu, kidole changu na chefu. 1940 hakuitaka.

Siku ya ine, 17 Desemba

Masisi, juu ya kamiyo ya maziwa, katikati ya madebe. Godelieve alimulazimisha Floribert anifuate, eti mimi napotea.

Karani wa sasa si yule wa zamani. Huyu anainua macho. Nikamwambia buku imeliwa, na mwaka wangu ni 1916. Hakuandika. Alifungua kitabu kikubwa cha serikali, kizito kama mulango, akapitisha kidole. Kumbe wanaandika mara mbili, mu buku na mu kitabu kile! Hakuna aliyeniambia! Akasoma: 1940. Akatazama mvi zangu. Akatazama kitabu. Akasema kitabu hakikosei, labda ni maisha magumu. Nikitaka kubadilisha nilete shahidi aliyenijua zamani, na nieleze mbele ya Bwana wa serikali kwa nini nilidanganya.

Kueleza? Mimi? Hapana. Nikasema 1940 ni sawa.

Lakini mutoto hapewi buku peke yake! Mwanaume muzima wa nyumba lazima atie mukono. Akauliza kwetu ni nani. Nyuma yangu Floribert akakohoa. Akatoa buku yake, imenyooka, 1937. Akatia mukono pahali palipoandikwa mukubwa wa nyumba, kwa herufi nzuri. Mimi njo niliyemupeleka shule kujifunza herufi hizo.

Kurudi, yeye alikaa mbele karibu na shofere. Mimi na madebe.

Siku ya tano, 18 Desemba

Papa Nestor amefika. Miguu ina matope mpaka magoti, mukuki begani, mubwa nyuma. Alikuwa amekwisha kusikia yote njiani. Mukabaranga hakusema kitu, nafikiri ni Bihogo mwenyewe aliyesema. Muzee akasema, bila kucheka, kwamba yeye aliona zamani, serikali imechelewa tu.

Godelieve akachinja kuku kwa heshima ya baba yake. Sahani ikaletwa. Papa Nestor, kwa kuwa ni mukubwa kuliko wote, njo aliyegawa. Akachukua firigisi kwa vidole viwili. Nikasogeza sahani yangu. Firigisi ikapita juu ya sahani yangu, ikaenda kwa Floribert.

Mimi nikapewa shingo. Kisha nikatumwa maji.

Nilisimama kwenye kijito na mutungi, nikalia. Sioni haya kuiandika.

Siku ya posho, 19 Desemba

Imetosha kulia. Nina akili mupya!

Benoît, jirani yetu, alikufa mwezi wa kwanza. Mutu mwema, urefu wangu, unene wangu. Muke wake Dancille ametunza buku yake. Nikaenda kumwambia nataka kumuombea marehemu, na mutu akimuombea marehemu inafaa awe na jina lake limeandikwa. Akapangusa macho, akanipa. Nikaomba na kofia yake. Akauliza kofia inasaidia nini kwenye maombi. Nikasema inasaidia kukumbuka.

Kesho karani atakuwa yule wa Masisi. Aliniona mara moja tu, hajui watu. Karatasi tu njo anajua. Nikiwa Hilaire watanikatalia kiti, sawa. Lakini nikiwa Benoît nitachagua, na Papa Nestor ataona kwa macho yake natia kura mu sanduku kama mwanaume muzima!

Siku ya Mungu, 20 Desemba

Niandike kwa mupango.

Baada ya misa, meza mbele ya barza. Mustari murefu, kila mutu na buku mukononi kama kitabu cha sala. Wachungaji wote wana buku mpya. Wenye kutaka kiti wakatangulia. Kabera akaonyesha yake, sawa. Mimi nikaonyesha yangu. Bwana Ajenti akaisoma mara mbili. Kisha akauliza mutoto huyu anafanya nini hapa. Kilima kikacheka mpaka ndege wakaruka kwenye miti. Jina langu likafutwa.

Akabaki Kabera peke yake. Watu wakauliza basi tunachagua nini. Bwana Ajenti akasema karatasi za kura zimekwisha kuletwa kutoka Masisi, lazima zitumike.

Nikaenda nyuma ya jiko la Mama Anastasie, nikavaa kofia ya Benoît mpaka kwenye macho, nikaingia mu mustari kwa nyuma. Nikafika mezani. Nikatoa buku. Karani akasoma: Benoît, 1908. Akatazama mvi chini ya kofia. Kwa mara ya kwanza mvi zangu zilipatana na karatasi! Akanyoosha mukono kunipa kura. Serikali imekubali! Namwapia Mungu, serikali ilikubali!

Mustari njo haukukubali. Wote wakapiga kelele mara moja: "Hilaire!" Mama Anastasie akasema kama kweli ni marehemu Benoît, arudishe kibuyu alichoazima kwake. Pierre, mutu wa kofia, alicheka kuliko wote mpaka akakaa chini.

Dancille tu hakucheka. Alikuwa pembeni na wanawake wengine, anaitazama ile kofia. Nikaivua. Nikamupelekea. Akaipokea, akaigeuza, akaipangusa jasho langu kwa kitambaa chake. Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Bwana Ajenti akawa mwekundu pote, akamwita polisi. Kifungo! Basi nani akasimama? Kabera. Polepole, kama siku zote. Akasema Bwana mwenyewe aliamuru buku njo ukweli, na buku inasema huyu ana miaka kumi na tisa. Mutoto hafungwi, anarudishwa kwa mukubwa wa nyumba yake. Bwana Ajenti akafikiri mpaka jasho likamutoka. Akauliza mukubwa wa nyumba ni nani. Floribert akatia mukono mara ya pili juma hili.

Kabera amechaguliwa. Kura zilipohesabiwa, zilizidi watu kwa moja. Pamoja na buku zote zile! Wakamutafuta Pierre, hakuonekana.

Siku ya kwanza, 21 Desemba

Asubuhi Papa Nestor akaniita nje. Nilifikiri anamuchukua Godelieve amurudishe Walikale. Hapana. Alikuwa amezungumza na Kabera. Kesho kamiyo ya maziwa itatuchukua watatu mpaka Masisi. Yeye atakuwa shahidi wangu, ataapa kwamba alinipa binti yake miaka miwili kabla ya moto wa mulima kuanza. Kabera ataniombea radhi kwa Bwana wa serikali. Kazi yangu mimi ni moja tu, kusema ukweli. Kisha akatazama chini, akachora matope kwa mukuki. Akasema siku buku yangu itakaposema ukweli, siku hiyohiyo ataniita Papa Hilaire, mbele ya watu wote, hata mbele ya mubwa.

Machozi yakanijaa. Miaka ishirini na tatu! Nikasema ndiyo. Nikamushika mikono. Nikaingia ndani kulipangusa koti langu na kulijaribu, na Godelieve akanitazama kama zamani tulipokuwa wachumba.

Mara ngoma ya kapita. Mvua imebomoa barabara ya Sake. Wanaume wazima wote, na majembe, siku tano, leo hii! Na hakuna wa kujificha, majina yako tayari: ni ile liste ya waliochagua jana. Kapita akasoma. Kabera wa kwanza, konseye wetu. Kayitare. Floribert. Pierre, na tena Pierre, basi atalima fungu la watu wawili. Akasoma mpaka mwisho, akakunja karatasi. Mimi sikusomwa.

Nikakaa. Nikafikiri. Nikavua koti.

Nikamwambia Papa Nestor labda mwezi ujao, kamiyo inatikisa sana. Hakukasirika. Akaegemeza mukuki wake kwenye ukuta, akachukua jembe langu, akawafuata wengine. Yeye, muzee wa miaka sabini, ambaye hakuna liste inayomutaja! Alipofika kwenye njia akageuka, akasema nibaki salama, kijana.

Sasa ni mchana, mvua inanyesha. Wako kule mu matope, konseye na wote. Mimi niko hapa pakavu. Nani mwenye akili? Godelieve anapika kuku kwa ajili ya watakaorudi. Nimeuliza habari ya firigisi. Amesema nusu ya baba yake, nusu ya Floribert. Kisha akalikunja koti langu, akalirudisha mu sanduku.

Haizuru. Kuna jambo kubwa zaidi. Nimehesabu tena kwa maharagi: bado miaka miwili tu nifikie ishirini na moja, nami nitaandikwa mu liste. Hatari! Sijui kama karani mupya anakunywa kasiksi, lakini nimekwisha kumuagiza Mama Anastasie mutungi mumoja. Naona 1946 ni mwaka muzuri wa kuzaliwa. Imebaki kujua tu ni jambo gani lilitokea hapa mwaka ule. Nitamuuliza Floribert akirudi, yeye ni mukubwa, atakumbuka.